Saa Sita Jioni

Ngazi za kushukia ghala la kumbukumbu zilikuwa kumi na nne, na Inspekta alizihesabu zote kwa sababu goti lake la kushoto lilikuwa likizihesabu pia. Mbele yake alishuka Mhifadhi, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini na ushei, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Taa ya ukutani ilimulika nusu ya ngazi. Nusu iliyobaki waliishuka kwa kupapasa.

"Angalia ya mwisho, Afande. Ni fupi kuliko wenzake."

"Kama mimi nyumbani kwetu," alijibu Inspekta.

Mhifadhi alitabasamu kwa adabu tu. Alifika kwenye mlango wa chuma, akabonyeza tarakimu sita huku akizikinga kwa kiganja, na kufuli likalia. Walipoingia, alisukuma boksi la karatasi kwa mguu, bila hata kulitazama, likakaa kizingitini kuuzuia mlango.

"Kitasa cha ndani kilikufa mwaka juzi," alieleza. "Mlango ukijifunga nawe umo, ndiyo basi. Unasubiri mtu wa nje aje na namba yake."

"Na hamjakitengeneza?"

"Tumeandika barua tatu."

Ghala lilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha: rafu za chuma safu nne, meza moja, mashine ya kunakili kurasa, na mwishoni kabati pana la kuhifadhia ramani. Juu ya meza palikuwa na alama ya mstatili isiyo na vumbi. Hapo ndipo diski ilipokaa miaka kumi na moja, na hapo ndipo haikuwapo asubuhi ya Ijumaa.

Kesi yenyewe ilikuwa imekwisha, au karibu. Zamani walimu kadhaa walianzisha gazeti dogo la elimu ya nyota, *Kurunzi ya Anga*, likatoka kila mwezi kwa miaka arobaini, kisha likafa kimyakimya. Mhariri wake, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu, alipostaafu alianza kuyakusanya matoleo yote mia nne na themanini. Aliwaandikia wasomaji wa zamani, akapanda kwenye dari za watu, akaokota mengine yakiwa yametumiwa kufungia vyombo. Mkwe wake, huyuhuyu Mhifadhi aliyemwoa binti yake, ndiye aliyenakili ukurasa baada ya ukurasa na kuuweka kwenye diski. Jumamosi hazina hiyo ilikuwa ifunguliwe kwa watu wote waisome kwenye mtandao. Ijumaa asubuhi diski haikuwapo.

Siku mbili za mwanzo Inspekta alizipoteza kwa ajili ya neno moja. Kwenye orodha ya maktaba mkusanyo huo uliandikwa "unajimu," na kumbe kulikuwa na watu waliodhani ni mambo ya ramli. Mzee mmoja aliwahi kuleta barua ya kutaka vitu hivyo vichomwe. Mwingine, kinyume chake, alifika mapokezi akiulizia kama nyota yake inamruhusu kuoa mwaka huu. Inspekta aliwahoji wote. Yule mzee siku ya Alhamisi alikuwa amelazwa hospitali, na yule mwingine alikuwa kwa washenga.

Ndipo akabaki Fundi, kijana wa kompyuta wa maktaba. Mashine ya mlango huandika namba ya kila anayeingia, na ya mwisho Alhamisi ilikuwa yake. Mashine iliandika 15:05 kwa mtindo wake wa kompyuta, na Inspekta, aliyekaa na karatasi hiyo na kalamu mkononi akigeuza kila mstari, aliandika pembeni: saa tisa na dakika tano alasiri. Baada ya hapo hakuingia mtu mpaka Ijumaa asubuhi, Mhifadhi alipofungua mbele ya mkuu wa maktaba. Kisha wakampekua Fundi, wakakuta mfukoni mwake flashi yenye matoleo matano ya *Kurunzi*. Alipoulizwa ni za nini, alijibu jambo ambalo halikumsaidia.

"Nilitaka kumwuliza Mwalimu kwa nini hazina vumbi."

Saa saba na nusu mchana huu gari la mahabusu lingempeleka mahakamani, na mwendesha mashtaka alikwisha kusema ataomba wiki mbili za rumande. Inspekta alikuwa amebakiza sahihi yake tu. Lakini alikuwa na desturi ya kurudi mara moja mahali pa tukio kabla ya kufunga jalada la mtu, na ya kusema sala yake ya kazini, ile ya maneno manne: Mungu, nisaidie nisimwonee mtu. Aliisema sasa, kimoyomoyo, akiwa amesimama karibu na kizingiti.

"Humu ndani ya boksi kuna nini?" aliuliza.

"Nakala za ziada. Matoleo tuliyoyapata mara mbili."

Inspekta aliinama kusoma kibandiko. Maandishi yalikuwa upande wa pili, kwa hiyo alilivuta boksi kwake. Nyuma yake mlango ulirudi taratibu, bila kelele, na kufuli likasema *tk*.

Wote wawili wakautazama.

"Umevuta boksi," alisema Mhifadhi.

"Nimevuta boksi."

"Barua ya nne utaiandika wewe, Afande."

Inspekta alitoa simu. Haikushika mtandao. Aliizungusha juu ya kichwa, akaenda nayo mpaka kwenye kabati la ramani, akarudi. Akaugonga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha kwa kisigino cha kiatu. Chuma kilikuwa kinene na sauti ilirudi kifuani mwake.

"Nani anashuka huku?"

"Saa hizi hakuna. Wako kwenye chakula cha mchana. Saa nane watarudi, labda mtu atatuulizia."

Inspekta alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba kasoro robo. Hewa ilikuwa nzito, ya karatasi za zamani na kitu kingine chini yake, harufu ya ukungu ambayo hakuweza kujua inatoka wapi. Alivuta kiti akakaa, akanyoosha goti lake, akafungua mkoba.

"Basi tufanye kazi," alisema. "Wewe na mimi hatuna pa kwenda."

Alitandaza mezani kurasa alizochapisha kutoka kwenye flashi ya Fundi, matoleo matano. Kando yake akatandaza mengine matano ya kweli kutoka kwenye boksi lililowafungia. Tofauti aliiona hata kabla ya kusoma. Haya ya karatasi yalikuwa yameishi na watu. Moja lilikuwa na duara la kikombe. Jingine mtoto alilichorea jua lenye miguu. La tatu mtu alipiga hesabu za mbao pembeni mwa habari za kimondo. Yale ya flashi yalikuwa safi kama shuka la hoteli.

"Hazina vumbi," alisema Inspekta.

"Nini?"

"Fundi alisema hivyo. Nilidhani ananizungusha."

"Nyingine tulizipata zikiwa zimetunzwa vizuri," alisema Mhifadhi. "Kuna watu wasafi duniani, Afande."

"Wapo. Mama yangu mmoja wao." Alianza kusoma kwa sauti, kama mtu anayejiliwaza, jedwali la anga la mwezi mmoja wa yale ya boksi. "'Mwezi mpevu utachomoza saa 12 na dakika 21 jioni. Zuhura itazama saa 2 na robo usiku.' Mwalimu anaandika vizuri. Unaona kabisa unatoka nje na kuangalia."

"Ni mtu wa kupima maneno."

Inspekta akachukua jedwali la flashi. Akalisoma. Akarudisha macho mwanzo wa mstari, kama mtu aliyejikwaa anavyogeuka kutazama jiwe.

"Nisomee wewe hapa," alisema, akisukuma karatasi. "Macho yangu yamechoka."

Mhifadhi alisoma. "'Mwezi mpevu utachomoza saa 6 na dakika 40...'" Akanyamaza.

"Maliza."

"'...jioni.'"

"Saa sita jioni," alisema Inspekta. "Kaka, mimi nimezaliwa na kukulia katika lugha hii. Saa sita ya mchana naijua, ndipo tunapokula. Saa sita ya usiku naijua, ndipo mbwa wanapobweka. Saa sita jioni ni lini?"

"Kosa la uchapaji."

"Nilidhani hivyo. Toleo la pili hili hapa: 'saa 7 na dakika 5 jioni.' La tatu: 'saa 6 na nusu jioni.' Mchapaji gani hukosea kwa saa sita kamili kila mara?" Alitoa karatasi ya mashine ya mlango, akaiweka juu. "Mimi mwenyewe wiki nzima nimekuwa nikigeuza saa za mashine hii. Mistari mingine nilisahau, nikarudia. Hivi ndivyo anavyokosea mtu anayenakili kutoka kompyuta. Programu inamwambia sita na arobaini jioni kwa hesabu ya wenzetu, na yeye anaandika kama alivyoona. Miaka ya gazeti hili, Mwalimu alikuwa na kompyuta?"

"Alikuwa na rula na almanaki."

"Basi haya matano hakuyaandika yeye."

Mhifadhi alikunja mikono ya shati lake, mkunjo mmoja, halafu wa pili. Taa ya juu ilikuwa ikilia kama nzi.

"Jana nilikuwa kwa Mwalimu," aliendelea Inspekta. "Alinisomea beji yangu kutoka kwenye kiti chake, na namba ya chini. Nikamsifu. Akaniambia miaka saba alikuwa haoni kwa ajili ya mtoto wa jicho, na mwezi uliopita walimfanyia operesheni. Akasema Jumamosi angekaa mbele ya kompyuta na kusoma yote, kuanzia la kwanza. Alikuwa na furaha kama bwana harusi. Yangapi, kaka?"

"Yangapi nini?"

"Uliyoyaandika wewe."

Mhifadhi alitazama mlango, akatazama rafu, akatazama tena mlango. Hapakuwa na pengine pa kutazama.

"Thelathini na sita," alisema. "Miaka mitatu mizima."

"Ya kweli yalipatwa na nini?"

"Bomba. Mwaka wa tano wa kazi. Mkwe alikuwa amenikabidhi boksi kwa mkono wake, akaniambia, mwanangu, karatasi haikai chini. Mimi nilikuwa nakimbilia nyumbani, mke wangu alikuwa na uchungu wa mtoto wa pili. Nikaliacha sakafuni. Jumatatu nilikuta maji mpaka kwenye kifundo cha mguu. Yalikuwa yameshikana, Afande, kama tofali. Na ndiyo yalikuwa nakala za pekee. Alikuwa ametafuta miaka minne."

"Ungemwambia."

"Wewe una mkwe?"

"Ninaye. Mama mkwe."

"Basi wajua. Baba yako unaweza kumwambia umeharibu. Mkwe unamwambiaje? Mtu aliyekupa binti yake, akakupa na kazi ya maisha yake, halafu haoni, anakuuliza kila jioni, tumefika toleo la ngapi, mwanangu?" Alijifuta paji la uso. "Nikasema nitaandika. Miezi minane niliandika. Makala ya pete za Zohali ni yangu. Mke wangu alimsomea, akasema, aa, hii naikumbuka, niliiandika nikiwa na homa."

Inspekta hakucheka, ingawa kidogo mdomo ulimcheza.

"Na saa hizo, mkeo alipozisoma, Mwalimu hakushtuka?"

"Majedwali hakumsomea. Alisema yanamchosha."

"Kisha Fundi akagundua."

"Alikuja Jumatano. Kwa heshima kabisa. 'Kaka, kuna matoleo mbona hayana vumbi?' Nikamwambia nitamjibu. Alhamisi nikashuka..." Akaacha. Alinyoosha mgongo, na sauti yake ikarudi ile ya kwenye ngazi, ya mtu wa ofisini. "Hapana. Nimeandika, ndiyo. Lakini diski sikuchukua. Karatasi yako mwenyewe inasema. Mimi niliingia saa nane, nikatoka nusu saa baadaye, nikaufunga mlango. Fundi akaingia saa tisa, akatoka saa kumi. Diski ilikuwapo, mwenyewe amekiri."

"Karatasi hii," alisema Inspekta taratibu, "inaandika anayeingia. Haiandiki anayetoka."

"Una maana gani?"

"Kwamba uliingia saa nane na hukutoka. Ulivuta mlango ukajifungia usionekane. Fundi akaja ghafla, ukajibanza kule nyuma ya rafu saa nzima, akamaliza kazi ya nyaya iliyomleta, akafunga. Mlinzi wa getini alikuona ukiondoka saa kumi na moja, ukamwambia ulikuwa juu ukisoma. Nimewauliza wa juu. Hakuna aliyekuona."

"Na nilitokaje?" Mhifadhi aliuonyesha mlango kwa kidole, na kwa mara ya kwanza alikuwa karibu kutabasamu. "Wewe umeugonga mpaka kiatu kimelegea. Kama ningekuwa humu Alhamisi, ningelala humu. Mwambie hakimu mtu alipita katika chuma."

Inspekta alijua, na Mhifadhi alijua kwamba anajua. Hoja yote ilisimama vizuri mpaka mlangoni, ikagota hapo. Mtu pekee aliyethibitika kuingia na kutoka peke yake alikuwa Fundi.

Alitazama saa. Saa saba na dakika kumi na nane.

"Basi tusubiri saa nane," alisema, akaanza kukusanya karatasi. "Gari litakuwa limekwisha kwenda. Hakimu atatoa wiki mbili, ndivyo anavyotoa siku zote. Unamfahamu mama yake Fundi?"

"Nimesikia anaumwa."

"Amepooza. Mwaka wa pili yuko kitandani. Nilikwenda kupekua nyumba, nikamkuta. Kijana humgeuza mara nne kwa siku: asubuhi, mchana akitoroka kazini, jioni, usiku. Kuna jirani amemshikia siku hizi nne, lakini kesho anasafiri, keshakata tiketi. Mama hakuniuliza diski iko wapi. Aliniuliza nani atamgeuza." Alifunga mkoba. "Nilimwambia nitaangalia. Sikujua nitakuwa nimefungiwa chumbani, nikiwa na karatasi ya kumwokoa mkononi, na simu isiyoshika."

Mhifadhi aliketi sakafuni, mgongo kwenye rafu.

"Sikulazimishi," alisema Inspekta. "Siwezi. Humu ndani mimi na wewe ni wafungwa sawasawa. Tofauti ni kwamba mimi sijui njia ya kutokea."

Dakika zilipita mbili. Inspekta alizisikia zikipita. Jasho lilimshuka shingoni, na ile harufu ya ukungu ilizidi, kana kwamba chumba kilikuwa kikipungua upana. Alitaka kuomba na hakupata hata yale maneno manne.

"Sikutaka kumsingizia yule kijana," alisema Mhifadhi, akitazama mikono yake. "Hakuwa kwenye mpango. Aliingia tu."

"Najua."

"Ijumaa waliponiuliza nani alikuwa wa mwisho, nilitaja kilichoandikwa. Sikusema uongo."

"Hukusema."

"Kila usiku najiambia hivyo. Sikusema uongo. Halafu silali."

Alinyanyuka. Alikwenda mezani, akavuta droo, akatoa rula ndefu ya chuma, ile ya kunyooshea kurasa kwenye mashine. Alisimama mbele ya mlango akiwa ameishika kwa mikono miwili, mgongo wake kwa Inspekta, na akakaa hivyo mpaka Inspekta akadhani amebadili nia.

Kisha aliingiza rula kwenye upenyo, juu kidogo ya kufuli. Akaiteremsha, akaipinda kushoto, akainua kwa kipimo cha mtu aliyefanya hivyo si mara moja. Kufuli likasema *tk*. Mlango ukaja kwake wenyewe, na hewa ya ngazini ikaingia.

"Pita, Afande. Una dakika sita."

Inspekta alikuwa amekwisha kusimama. Mlangoni Mhifadhi alimpa ufunguo mdogo.

"Kabati la ramani, droo ya chini, ile ambayo hakuna aliyeniomba ufunguo wake. Diski iko humo. Na yale yaliyoshikana, yako humo pia. Sikuweza kuyatupa. Naomba kitu kimoja tu. Nimwambie mwenyewe mkwe wangu. Asisikie kwa watu."

"Tutapita kwake kwanza. Nitakaa uani."

Alipanda akishika ukuta, goti likilalama, na simu ikashika mtandao kwenye ngazi ya tisa. Sajini wa zamu alipokea akiwa anatafuna.

"Fundi wa kompyuta," alisema Inspekta. "Yuko wapi?"

"Keshapanda garini, Afande. Dereva anawasha."

"Mshushe. Mfungue pingu, umpe nauli ya kwenda kwa mama yake, nitakurudishia."

"Sawa. Na kwenye kitabu niandike sababu gani?"

Inspekta aligeuka. Chini, Mhifadhi alikuwa ameketi kizingitini, bega lake likiuzuia mlango wa chuma usijifunge tena, akimsubiri.

"Andika kwamba aliyekuwa ndani ametoka mwenyewe."